Mhariri, namba bila joto lake ilinikosanisha na mzee wa watu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na samahani mapema kama itakuwa ndefu, hii kitu imenikaa rohoni tangu Disemba na kila nikijaribu kuielezea hapa Kibuye watu wananiangalia tu halafu wanauliza bei ya sabuni.

Mimi natengeneza sabuni ya maji, mafuta ya nywele na marashi ya kupulizia nguo. Ni kazi ya nyuma ya nyumba, masufuria na jerikeni, lakini inanilipia karo. Vitu ninavyotumia sana ni glisarini, spiriti ya molasi na mafuta ya maganda ya machungwa, na juzijuzi nimejua kumbe hivyo vyote wasomi wamevibatiza solventi za kijani, yaani viyeyushi vya kijani. Kabla mtu aniulize vile jirani yangu aliniuliza, hapana, havina rangi ya kijani, vingi viko wazi kama maji. Kijani ni ya mazingira: vinatoka kwa miwa na mimea badala ya petroli, vikimwagika vinaoza, na havikuui polepole ukivitumia kila siku. Linganisha na hekzeni, ile inayotolewa kwa petroli, imetumika miaka na miaka kukamua mafuta ya mbegu na hata dawa ya pareto kule Nakuru, na mtu akivuta mvuke wake miezi mingi mishipa ya fahamu ya mikono na miguu inaharibika anaanza kuhisi ganzi. So mimi niko upande wa kijani kabisa. Shida yangu ni vile tunavipima.

Mwaka jana nilijinunulia rifraktomita, ile ndogo ya dijitali ya kushika mkononi, unadondosha tone moja kwa kioo unabonyeza inakupa namba. Niliinunua kwa sababu nilikuwa nimechoka kuuziwa maji. Kama hujawahi kuiona, kazi yake ni kupima vile mwanga unapinda ukiingia kwa kitu. Weka mwiko kwa sufuria ya maji, si utauona kama umevunjika pale maji yanapoanzia? Ni mwanga umepunguza mwendo. Mahali hakuna kitu mwanga unakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya maji ugawanye kwa 1.333 ubaki na kama 225,000, na ndani ya glisarini safi ugawanye kwa 1.473 au hapo karibu. Hiyo namba ya kugawanya ndio kipimo kinasoma. Kila kiyeyushi kina yake, na ukiongeza maji inabadilika. Mimi nilipoelewa hapo nikajiona nimekuwa maabara nzima, hakuna mtu ataniuzia maji tena, nikaanza kutembea nayo kwa mkoba kama simu.

Sasa skia vile niliaibika.

Kuna mzee ananiletea glisarini kutoka Nakuru, mtu mpole, tumefanya kazi na yeye kitambo. Tulikuwa tumekubaliana namba isipungue 1.473. Yeye pia ako na kipimo chake, asubuhi na mapema kwa stoo yake kule Nakuru, na mnajua baridi ya Nakuru ya asubuhi, alipima akapata 1.4744 akanitumia picha. Akapakia jerikeni 6, akapita Kericho akateremka Ahero, akafika Kisumu kama saa nane mchana. Jua lilikuwa linachoma ile mbaya. Mimi kipimo changu kilikuwa kimeshinda kwa dashibodi ya Probox tangu asubuhi. Nikakitoa, nikadondosha tone, nikaona 1.4684. Nikarudia. 1.4684. Nikafungua lile jedwali nimeweka kwa simu, linasema glisarini ikipata asilimia 1 ya maji namba inashuka kama 0.0015, nikapiga hesabu, tofauti ni 0.006, hiyo ni asilimia 4 ya maji! Jerikeni moja ya lita 20 ya glisarini ni kilo 25 hivi, kwa hivyo jerikeni 6 ni kilo 150, kwa hivyo mzee amenimwagia kilo 6 za maji ya bomba anataka nimlipe bei ya glisarini.

Sikumpa hata nafasi ya kunywa chai. Nikamwambia mzee, umri wako na hii tabia haviendani. Akaniambia, "Mama, mimi sijaongeza hata tone, hebu pima tena." Nikampimia tena mbele yake, si namba ni ile ile tu. Akanyamaza. Akapakia jerikeni zake akaenda kuziweka kwa ndugu yake Nyalenda, na mimi kwa hasira nikaweka sauti kwa grupu ya chama, wanawake zaidi ya 30 wanaonunua glisarini kwake, nikawaambia wajihadhari. Hiyo ndio inaniuma zaidi kwa sababu sauti ikishatoka hairudi, na wengine waliacha kununua kwake hapo hapo.

Jioni akaja mtoto wa kaka yangu, anasoma kemia Maseno. Nikamwelezea nikitarajia atanisifu shangazi yake vile niko macho. Akauliza kitu kimoja tu. "Shangazi, ilikuwa joto ngapi?" Nikamwambia nilikuwa napima glisarini, sikuwa napima mgonjwa wa malaria. Akacheka akaniambia niweke ile chupa ndogo niliyobaki nayo pamoja na kipimo ndani ya karai, tuache usiku, tupime alfajiri na themomita pembeni. Alfajiri ikasoma nyuzi 21. Nikadondosha tone. 1.4731.

Glisarini ile ile, kipimo kile kile. Nilikaa chini.

Vile alinielezea ni hivi, na mimi naiandika kwa sababu najua siko peke yangu. Kitu kikipata joto kinapanuka, hata chai ikichemka inapanda kwa sufuria. Kikipanuka, chembe zake zinaachana kidogo, ndani ya nafasi ile ile zinabaki chache, mwanga unapata njia rahisi, unapinda kidogo kuliko kawaida, namba inashuka. Kwa glisarini inashuka kama 0.00025 kwa kila nyuzi moja ya joto. Inaonekana ni kitu kidogo sana hata haifai kuongelewa. Lakini Nakuru alfajiri nyuzi 16, kwa dashibodi ya Probox nyuzi 40, hiyo ni tofauti ya nyuzi 24, zidisha kwa 0.00025 upate 0.006. Ndio hizo kilo 6 zangu za maji. Hazikuwahi kuwa maji, ilikuwa ni jua la Kisumu.

Na kuna kitu hapo sikuwa nimefikiria kabisa: tone ni dogo, ukiliweka kwa kioo cha kipimo linachukua joto la kioo mara moja. So hata kama jerikeni yake ingekuwa baridi, kipimo changu kilichopikwa kwa dashibodi kingeidanganya. Zile rifraktomita kubwa za maabara, zile za mtindo wa Mjerumani Ernst Abbe wa Jena aliyeanza kuzitengeneza karibu mwaka 1869, zinapitishiwa maji kuzunguka kile kioo ili joto likae mahali pamoja. Namba za vitabu pia karibu zote ni za nyuzi 20 au 25, na za taa ya njano ya sodiamu, ile njano unaona chumvi ikimwagikia moto wa gesi, kwa sababu hata rangi ya taa ikibadilika namba inabadilika. Mimi sina maji ya kuzungusha, nina nyungu ya udongo. Siku hizi kipimo na chupa ya sampuli vinakaa kwa karai ya maji ya nyungu nusu saa kabla nipime, na wakinicheka wacheke.

Tena kila kiyeyushi na tabia yake. Maji kwa joto la kawaida yanashuka kama 0.0001 tu kwa nyuzi moja, glisarini mara mbili na zaidi ya hiyo, spiriti kama 0.0004, mafuta ya machungwa ni hapo hapo na spiriti au zaidi kidogo. Kwa hivyo usichukue hesabu ya glisarini uipeleke kwa spiriti. Na wale mnanunua vipimo vimeandikwa vinajirekebisha joto vyenyewe, angalieni vizuri, vile vingi vya bei nafuu vilitengenezewa maji ya sukari, vya kupima utamu wa miwa na matunda. Huko viko sawa, kwa nyuzi 30 juisi ya miwa bila marekebisho inasoma pungufu kama pointi 0.7 ya utamu na kipimo kinairudisha chenyewe. Lakini kinajua sukari tu. Ukidondosha spiriti kinarekebisha kana kwamba ni juisi, unabaki na makosa mengi na moyo umetulia, hiyo ni mbaya kuliko ungejua hakirekebishi.

Kuna wazee wawili waliandika kanuni ya hii mambo ya msongamano wa chembe na mwanga miaka ya 1800 huko, mmoja wa Uholanzi anaitwa Lorentz na mwingine wa Denmark anaitwa Lorenz, kila mtu kivyake, majina yanafanana kama Onyango na Onyancha. Kijana aliniandikia hiyo kanuni kwa karatasi, nimeibandika kwa ukuta, siielewi yote lakini wateja wanaiheshimu.

Nilimpigia mzee simu asubuhi hiyo hiyo. Hakushika. Nikampigia tena jioni, akashika, nikaomba msamaha, nikaweka sauti nyingine kwa grupu nikijitaja mwenyewe kwamba kosa lilikuwa langu. Akasema amesamehe lakini jerikeni alishauza kwa mtu mwingine, na ukweli hata mimi ningefanya hivyo.

Ungedhani baada ya hapo nimeerevuka. Ng'o.

Februari nikahitaji spiriti ya 96 ya marashi. Mzee haiuzi, nikatafuta jamaa mwingine, simtaji na sitaki aliyesoma hapa aanze kukisia. Akaleta jerikeni. Safari hii nilijipanga: nimeamka mapema, kipimo kwa karai, themomita ndani, nyuzi 20 kamili, nikapima nikapata 1.364. Nikaangalia jedwali, spiriti ya asilimia 96 kwa ujazo kwa nyuzi 20 ni 1.364. Nikachovya kijiti nikawasha, ikashika moto wa bluu. Nikalipa pesa yote nikiimba.

Nikapima mafuta yangu ya machungwa nikamimina kwa spiriti nikitikisa. Marashi yakageuka maziwa, yaani meupe pepepe huoni upande wa pili wa chupa. Nikadhani chupa ilikuwa na sabuni, nikaosha nyingine, ikawa vile vile. Na mafuta ya machungwa kwa spiriti ya 96 yanayeyuka vizuri, inabaki wazi kama glasi. Maziwa yanakuja maji yakiwa mengi, mafuta yanakataliwa yanajikusanya vitone vidogo vidogo na kila kitone kinatawanya mwanga. Nikaazima haidromita, ile inayoelea, kwa mama mmoja. Spiriti ya 96 ilifaa isome uzito wa kama gramu 0.81 kwa mililita. Ilisoma 0.89. Hiyo ni asilimia 70 kwa ujazo! Nilikuwa nimeuziwa sanitaiza bila rangi.

Sasa kipimo kilisemaje 1.364? Hapa ndio niliona maajabu ya Mungu, na naomba mwalimu yeyote wa kemia anayesoma aionyeshe wanafunzi wake kwa sababu ni jaribio la bei ndogo. Anza na maji matupu kwa nyuzi 20, namba ni 1.3330. Anza kuongeza spiriti, namba inapanda, inapanda, ukifika nusu kwa nusu kwa uzito iko 1.3616. Unaendelea, inafika kilele karibu asilimia 80 kwa uzito, kama 1.3658. Halafu, bila hata kukupigia hodi, inaanza kushuka. Spiriti tupu kabisa isiyo na tone la maji ni 1.3614. Umeona? Nusu ni maji inasoma 1.3616 na tupu inasoma 1.3614, karibu mapacha. Na ile ya 96 na ile ya 70 kwa ujazo zote ziko hapo kwa 1.364, moja kilima inapanda na nyingine kilima inashuka, zimekutana. Moto nao haukusaidii, zote zinawaka.

Sababu ni vile maji na spiriti vinapendana. Chukua nusu lita ya maji na nusu lita ya spiriti uchanganye, hutapata lita moja, utapata kama mililita 965. Ni kama gorogoro ya mahindi na gorogoro ya wimbi, ukizichanganya hupati gorogoro mbili zilizojaa, wimbi inaingia katikati ya mahindi. Kwa maji na spiriti kuna zaidi ya kuingia katikati, zinavutana na kushikana zenyewe. Zikishikana hivyo msongamano unakuwa mkubwa kuliko ungetarajia, na mwanga unachelewa zaidi. Mendeleev, yule wa jedwali la elementi ambalo liko kwa ukuta wa kila maabara ya shule, mwaka 1865 aliandika tasnifu nzima juu ya spiriti na maji tu, na mimi naona alikuwa na haki.

Kwa hivyo kosa la kwanza nilimhukumu mtu mwaminifu kwa sababu ya joto, kosa la pili nikampitisha mwizi kwa sababu sikujua namba moja inaweza kuwa ya michanganyiko miwili. Kipimo hakikuwa kibovu siku zote mbili! Kilisema ukweli, mimi ndio nilikuwa nakiuliza swali nusu.

Na kijana akanimaliza kabisa alipodondosha mafuta yangu ya machungwa, yale karibu yote ni limonini, yakasoma 1.473. Namba ya glisarini! Hizo mbili hata mtoto hawezi kuzichanganya, moja inanukia chungwa na nyingine inateleza kama uji wa muhogo, lakini kwa kipimo ni ndugu. Mbaya zaidi ni wanaotia tapentaini ndani ya mafuta ya machungwa, kwa sababu tapentaini iko karibu 1.467 hadi 1.47, na mafuta safi yakipata joto zaidi kwa nyuzi 10 tu yanashuka kama 0.0045 yanafika hapo hapo. Mchana wa Kisumu mafuta safi yanafanana na yaliyochakachuliwa, alfajiri yaliyochakachuliwa yanafanana na safi. Uamue mwenyewe.

Mambo mapya ndio yatatusumbua zaidi. Kuna viyeyushi kijana ananiambia ndio vinakuja, vinaitwa yutektiki. Mwaka 2003 watafiti wa Leicester kule Uingereza waliandika kwamba wamechanganya kolini kloridi na urea. Kolini ni ile inawekwa kwa chakula cha kuku, urea ni mbolea unajua. Zote ni unga mkavu, urea peke yake inayeyuka kwa nyuzi 133 na kolini kloridi ni kama 302, lakini ukiziweka pamoja kwa kipimo kinachofaa, kama gramu 140 za kolini kwa gramu 120 za urea, ukipasha polepole zinageuka maji, na yanabaki maji hadi joto lishuke karibu nyuzi 12. Mimi nilidhani ananidanganya. Lakini msikimbie agroveti, kolini ya kuku mara nyingi imeshikizwa kwa unga wa magunzi ya mahindi, utapata uji wa ajabu tu. Nataja hii kwa sababu kolini na urea zote zinavuta unyevu wa hewa, na hewa ya hapa kando ya ziwa mnaijua. Ukiacha mfuniko wazi kiyeyushi kinakunywa maji chenyewe bila mwizi yeyote, namba inashuka, ukichanganya kolini kidogo zaidi au urea kidogo zaidi namba pia inahama, na joto nalo liko pale linasukuma. Mambo matatu yanavuta namba moja. Glisarini pia inavuta unyevu, kwa hivyo akina mama, fungeni jerikeni zenu.

Mhariri, kitu kimoja kinanitia hofu kuliko pesa yangu ya spiriti. Kuna vijana nimewaskia sokoni wakisema watanunua vipimo hivi wapime chang'aa kama iko na methanoli, ile inayopofusha watu. Tafadhali andikeni kwa herufi kubwa kama mnaweza: hiki kipimo hakiwezi. Methanoli tupu inasoma karibu 1.329, maji 1.333, hizo ziko karibu sana, kwa hivyo chang'aa yenye methanoli inaweza kusoma kama chang'aa iliyozidishwa maji tu, kitu ambacho wanywaji wanalalamikia bei yake na si macho yao. Mtu ataona namba ameridhika, akunywe, kesho haoni.

Yangu ya kuomba si mengi. Muuzaji akikuandikia namba, aandike na joto alilopimia, na nyinyi pia kwa gazeti mkichapisha habari za hivi viyeyushi vipya msiweke namba peke yake kama bei ya nyanya, wekeni nyuzi ngapi na mchanganyiko ni asilimia ngapi, na mseme kama ni kwa uzito au kwa ujazo kwa sababu hapo napo watu wanaibiwa, 70 kwa ujazo ni kama 62 kwa uzito. Mnunuzi asitumie kipimo kimoja. Haidromita si bei mbaya, hiyo pamoja na rifraktomita ndio zinamshika mwizi wa spiriti kwa sababu uzito haupandi kilima ukashuka, unaenda upande mmoja tu kutoka maji hadi spiriti tupu. Nayo pia ipimiwe na themomita pembeni, sitaki nianze kesi nyingine. Na hawa wanaouza vipimo sokoni na mtandaoni wakisema ni vya kupima usafi wa kila kitu, waulizwe usafi wa nini na kwa joto gani, uone vile watababaika.

Yule mzee tumerudiana. Ilichukua hadi Machi. Wiki jana alileta jerikeni 2 za kujaribu uaminifu, nadhani wangu. Juu ya mfuniko alikuwa ameandika kwa makapeni: 1.4742, nyuzi 17, saa moja asubuhi. Nikatoa kipimo makusudi bila kukiweka kwa maji ya nyungu, saa nane, themomita ikasema 38, kipimo kikasema 1.4689. Akaniangalia. Nikachukua karatasi tukahesabu pamoja, nyuzi 21 mara 0.00025 ni kama 0.0053, toa kwa 1.4742. Akasema, "Mama, leo sina maji ndani?" Nikamwambia leo kuna jua tu mzee, keti tunywe chai, nikamlipa yote.

Ni mimi,
Mama Sabuni,
Kibuye, Kisumu.